Namna ya Kumtambua Nyuki Mwenyeji

Kabla hatujaulizwa sisi, aliulizwa nyuki.

Nasema aliulizwa, ingawa hakupewa nafasi ya kujibu. Waliomjibia ni watu. Nimewaza sana kama kuna kiumbe aliyewahi kuulizwa "wewe ni nani?" akaachiwa ajibu kwa kinywa chake, na sijampata. Mtu huzaliwa akakuta jina linamngoja. Akikua kidogo anakuta ukoo, akikua tena anakuta nchi, na kila kimoja kinamwambia kwa zamu yake: wewe ni wetu. Maneno hayo ni matamu. Mtu huyapokea kama uji wa asubuhi, wala hajiulizi kwamba aliye na uwezo wa kusema "ni wetu" anao pia uwezo wa kusema "si wetu", na kwamba kinywa ni kile kile. Nayawaza haya nikiwa barazani kwangu, katika nchi ambayo siitaji kwa sababu imebadilishwa jina mara nyingi na sijui leo inaitwaje.

Bonde letu lilikuwa bonde la pasheni. Mipasheni ilitambaa juu ya vichanja vya miti na waya, ikafunika mteremko wote hadi mtoni. Ua la pasheni lina ubishi. Hufunguka jua likiwa utosini, hungoja mchana ule ule, na lisipoguswa hudondoka. Upepo hauliwezi, kwa kuwa chavua yake ni nzito na inanata. Nyuki mdogo wa asali huingia kwa chini, akanywa, akatoka bila kugusa chochote, kama mlaji wa karamu asiyemsalimu mwenye nyumba. Ua lile linataka mgongo mpana. Sisi tulikuwa na nyuki wenye mgongo huo, wakubwa, waliovuma hata ukawasikia kabla hujawaona, waliotoboa boriti kavu za nyumba zetu na kulala humo. Tuliwaita nyuki wa mbao, tukaishia hapo. Walikuwa wengi, na kitu kikiwa kingi hakuna anayekichunguza.

Ndipo akaja Bwana Kasiano.

Alikuja kwa miguu, mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya ukindu, amekumbatia picha iliyotiwa kwenye kioo kama picha ya marehemu. Cheo chake kilikuwa Mpambanuzi wa Mamlaka. Mamlaka yenyewe hatukuwahi kuiona. Tuliijua kwa watu iliowatuma, kama upepo unavyojulikana kwa majani ya mgomba. Mke wangu, Namkunda, alimpa kiti na maji ya kunywa. Binti yetu Nakijwa, ambaye wakati ule alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, alijibanza nyuma ya mlango akimchungulia.

"Mamlaka inataka kumjua nyuki mwenyeji," alisema Bwana Kasiano, akatugeuzia picha. "Anaitwa nyuki-bambi. Ni mkubwa, mpole, ana manyoya, ana rangi ya manjano. Ni wa kawaida, maana yake yuko kila mahali. Nimetumwa nimtambue, na niyatambue makazi yake."

Tuliitazama ile picha. Nyuki alikuwa mnene kama kifaranga.

"Huyu hatujamwona," alisema Namkunda. "Labda ni wa nchi za baridi, baba. Si unaona wamemvika sweta?"

Bwana Kasiano alicheka, kisha akageuka upesi kuangalia kama yupo mtu mwingine aliyemsikia akicheka.

"Hata mimi sijamwona, mama. Nimepita mabonde mengi. Lakini nilitumwa kumtafuta. Kuuliza kama yupo, sikutumwa."

"Na ukimkosa?"

"Nchi isiyo na mwenyeji," alisema polepole, kama anayesoma, "ni nchi ya nani?"

Akakaa kwetu. Alikuwa mgeni mwema. Alikula tulichokula, alimchongea Nakijwa pia ya mti ya kuchezea, na mchana kutwa alikaa chini ya vichanja akiwatazama wadudu kwa subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ukimtazama ungesema anasali. Huwa najiuliza kama ubaya mkubwa wa dunia huletwa na watu wabaya, maana niliowaona mimi wakiuleta walikuwa wachovu, waungwana, wenye sauti ya chini, na kazi waliyopewa waliipenda kwa moyo wote.

Siku moja akaniita mbele ya nyumba yangu.

"Tazama pale."

Hewani, mbele ya baraza, alikuwepo nyuki mmoja wa manjano, manyoya mwili mzima, ameelea mahali pamoja kana kwamba amening'inizwa kwa uzi. Alipopita kipepeo alimfukuza, akarudi pale pale. Alipopita ndege alimfukuza hata ndege.

"Nimemshika kwa mkono," alisema Bwana Kasiano, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha. "Hana mwiba. Hatoboi nyumba ya mtu. Haondoki mahali pake. Ni mkubwa, ni mpole, ni wa manjano. Ndugu yangu, nimempata."

"Na yule mweusi?" niliuliza, kwa sababu papo hapo alitoka kwenye boriti nyuki mkubwa mweusi mwenye ukanda mweupe mgongoni, akatikisa vumbi la mbao, akaenda zake mauani.

Bwana Kasiano alijishika shingo. Palikuwa na uvimbe. "Huyo aliniuma jana. Anaingia kwenye nyumba ambayo hakuijenga, anaitoboa, anazaa humo. Huyo ni mgeni."

"Bwana Kasiano, hawa tunawaona pamoja tangu utoto wetu."

"Pamoja kwa namna gani?"

"Hewani. Wanashikana."

"Wanapigana," alisema. Kisha akamtazama tena yule wa manjano. "Au..." Lakini mjumbe wa Mamlaka alikuwa amekwisha fika kuchukua jibu, na pikipiki yake ilikuwa inaunguruma njiani. Bwana Kasiano akaenda kumpa jibu. Nyuki mwenyeji ni wa manjano. Makazi yake ni mahali pa wazi, penye jua, mbele ya nyumba za watu. Mweusi ni mvamizi, makazi yake ni ndani ya mbao za wengine.

Haikupita muda, gari la vipaza sauti likashuka bondeni likitangaza. Kila tundu la nyuki mweusi lizibwe kwa udongo. Kila mwenye kumpenda mwenyeji amwondolee mgeni.

Sitasema kwamba tulilazimishwa. Ilikuwa kama sherehe. Jirani yangu Mndeme, mtu wa utani, mwenye mke mcheshi kuliko yeye, alikanyaga udongo mbele ya nyumba yake akiimba, watoto wakabeba kwa ndoo, wanaume wakapanda ngazi. Nami nilipanda. Nikaziba tundu la kwanza nikasikia sauti ndani, mvumo mdogo, wa karibu sana, kama mtu anayeongea akiwa amefunika uso kwa shuka. Nikateremka. Mndeme akapanda badala yangu, akamaliza. Ilipofika jioni bonde lilikuwa na ukimya ambao hatukuwahi kuusikia. Sikujua kabla ya hapo kwamba mbao za nyumba yetu zilikuwa na sauti.

Asubuhi iliyofuata Bwana Kasiano alitaka kuchukua mfano wa makazi ya mvamizi apeleke kwa Mamlaka. Alichukua nguzo ya zamani ya ua wetu, iliyokuwa imezibwa, akaipasua kwa panga katikati. Nilimwona akipiga magoti. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikadhani ameumia.

"Njoo uone," alisema.

Ndani ya nguzo palikuwa na ujia laini, kama uliopigwa randa, umegawanywa vyumba kwa kuta za vumbi la mbao. Mlangoni alikuwa amelala nyuki mweusi, amekufa, uso ameuelekeza kwenye udongo tulioziba, na udongo ulikuwa umekwaruzwa. Vyumba vya nyuma yake vilikuwa na watoto. Baadhi walikuwa bado weupe, wamekumbatia matonge ya chavua. Wengine walikuwa wamekwisha komaa, wamekunja mabawa, wako tayari kutoka. Katika chumba kimoja alikuwepo mweusi. Katika chumba kilichofuata alikuwepo wa manjano. Kisha mweusi. Kisha wa manjano.

"Ni mama mmoja," alisema Bwana Kasiano.

Niliinama nikazihesabu rangi zile tena.

"Wa manjano ni waume, ndugu yangu. Ndiyo maana hawana mwiba. Ndiyo maana hawajengi kitu. Weusi ni wake zao." Aligusa kwa kidole mgongo wa yule mweusi mlangoni, ambao bado ulikuwa na unga wa maua ya pasheni. "Nyuki ni mmoja. Mimi nimempasua vipande viwili, kimoja nikakiita mwenyeji."

Akainuka bila kukung'uta magoti. Hakuchukua kofia yake. Alikwenda moja kwa moja kuiambia Mamlaka.

Wa manjano waliendelea kuelea mbele ya nyumba zetu kwa siku chache. Walifukuza vipepeo, wakarudi mahali pao, wakalinda. Watu walitoka kuwatazama na kuwaonyesha watoto: mwenyeji ni huyo. Kisha wakawa wachache. Kisha niliwaokota barazani, wakavu, wepesi kama maganda ya karanga.

Maua yalifunguka adhuhuri, yakangoja, yakadondoka. Yalifunguka tena, yakadondoka. Chini ya vichanja palikuwa na zulia la maua yaliyooza, na juu hapakuwa na tunda hata moja. Hapo ndipo Mamlaka ilipotangaza kwamba mwaka ule usingekwisha mpaka matunda yarudi. Ulikuwa mwaka wa mavuno, ilisema, na mwaka wa mavuno hauwezi kufungwa bila mavuno. Basi mwaka ukasimama. Msimu wa mvua ulipofika uliitwa kiangazi. Watoto waliacha kurefuka. Ndevu zangu zilipoota niliambiwa ni zile za jana. Mwanzoni tulicheka, halafu tukazoea, na mazoea ni kaburi ambalo mtu hujichimbia akiwa amelala.

Namkunda hakuzoea. Alikuwa mtu wa kushika kitu akajua kinavyofanya kazi. Mchana mmoja nilimkuta amesimama juu ya kigoda chini ya kichanja, ameingiza kidole ndani ya ua, akakitoa kikiwa cha manjano, akakipitisha kwenye ua la pili kwa upole, kama anayempaka mtoto dawa ya macho.

"Unafanya nini, Mama Nakijwa?"

"Kazi ya marehemu," alisema.

Maua aliyoyagusa hayakudondoka. Yalifunga, yakavimba, yakawa matunda ya kijani madogo kama gololi. Mke wa Mndeme alikuja akaona, akaenda akajaribu, naye akapata. Wakaja wengine. Kila adhuhuri wanawake wa bonde lote walikuwa juu ya vigoda, vidole vya manjano, wakiitana kutoka shamba hadi shamba, wakichekana. Kulikuwa tena na sauti bondeni. Nilikaa barazani nikiisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu ile nguzo ipasuliwe nililala nikaota.

Mamlaka ilisikia kwamba matunda yanarudi. Ikauliza: kwa mikono ya nani?

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Wanaume wote wa bonde letu walikuwa wa ukoo mmoja, na mwiko wetu mkubwa ulikuwa mtu kumwoa dada yake. Kwa hiyo kila mke alitoka ng'ambo ya mto. Mama yangu alitoka ng'ambo, bibi yangu alitoka ng'ambo, Namkunda alitoka ng'ambo akivushwa darajani kwa nyimbo. Hatukuwahi kuliona hilo kama jambo. Kwetu mtu alikuwa na mama, na mama hana ng'ambo.

Lakini swali lilikuwa limekwisha ulizwa, na swali likishatolewa huzunguka likitafuta mtu wa kumkalia. Gari lilirudi. Lilisema kwamba wapo walioingia katika nyumba ambazo hawakuzijenga wakazaa humo. Lilisema sasa ndio wanaoshika maua yetu, na anayeshika ua ameshika nchi. Watakuja wapambanuzi.

Mndeme alikuja kwangu mbio, miguu mitupu.

"Hawawezi kumaanisha wake zetu," alisema.

"Wanamaanisha nini basi?"

"Wake za wengine. Wale wa juu huko, wanaojidai." Aliketi, akainuka. "Mimi niliziba matundu, si uliniona? Niliziba hata ya kwako. Hawawezi kunifanyia hivi mimi."

Aliyeletwa kututambua alikuwa Bwana Kasiano. Alikuja safari hii kwa gari, kati ya walinzi wawili, amevalishwa koti jipya lililompwaya na kofia mpya. Nilimtoa kando kidogo, walinzi wakatuacha.

"Uliwaambia?" nilimwuliza.

"Niliwaambia. Niliwapelekea na ile nguzo. Waliitazama vizuri sana, wakanisifu. Kisha wakasema tangazo likishatoka halirudi, kwa sababu likirudi watu watauliza ni mangapi mengine yangeweza kurudi." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Wakasema kwa kuwa sasa najua kuwa mke na mume ni kitu kimoja, basi mimi ndiye ninayefaa kuwatenganisha."

Namkunda alikuwa amesimama mlangoni. Bwana Kasiano alivua kofia mbele yake, akamtazama kwa subira ile ile aliyowatazamia nyuki.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Karibu kiti."

Mlinzi mmoja akasema, "Tambua."

Ilikuwa adhuhuri. Maua yote ya bonde yalikuwa wazi. Bwana Kasiano alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti iliyofika hadi kwa Mndeme: "Huyu ni mwenyeji. Makazi yake ni hapa. Na yule wa nyumba ya pili ni mwenyeji, na wa nyumba ya tatu. Mkitaka niendelee nitaendelea mpaka mtoni."

Hawakutaka aendelee. Walimchukua kwa upole, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Alipokuwa akipanda garini alikuwa bado anasema: huyu ni mwenyeji, huyu ni mwenyeji, akimwonyesha kila aliyemwona, hata mbuzi. Sijui walimpeleka wapi. Aliyeletwa baada yake hakuwa na picha wala subira. Hakutoka garini. Alitazama bonde kupitia dirishani, akasema: wote.

Walifika hadi makaburini. Kaburi la mama yangu waling'oa msalaba wake, wakauacha upande wa barabara, ili yeyote wa ng'ambo anayemdai aje amchukue.

Wanawake walipewa mpaka kesho yake wavuke. Mabinti, tangazo lilisema, watabaki. Binti ni mwenyeji mpaka atakapoolewa.

Nilimkuta Namkunda jikoni akifunga mzigo wake katika kanga. Alikuwa ameweka nguo zake, na juu yake nguo za Nakijwa.

"Wamesema yeye abaki," nilimwambia.

"Nimesikia."

"Yeye ni mwenyeji."

"Mpaka lini, Baba Nakijwa?" Hakupandisha sauti. "Atakua. Nani atamwoa hapa, kaka zake? Ataolewa kwingine, na huko ataitwa mgeni, siku moja watakuja na gari. Humu ndani mtoto wa kike ni mgeni anayengojwa akomae. Mimi simwachi akomae hapa."

"Nami nakuja nanyi."

Aliacha kufunga. Alinitazama, akanishika shavu kwa mkono wake wenye manjano ya maua yasiyotoka kwa sabuni.

"Njoo," alisema. Alisema hilo tu.

Asubuhi tukashuka. Njia nzima ilijaa. Wanawake walibeba vyungu, kuku, mikeka. Wanaume walitembea kando yao bila kubeba kitu, kama watu wanaosindikiza maiti ambayo bado inatembea. Mndeme alimshika mkewe ncha ya kanga, akawa anamwambia kila mlinzi, "Huyu ni wangu, jamani, huyu ni wangu," nao wakamjibu kwa heshima kwamba hakuna anayemnyang'anya kitu chake, yeye bado ana nyumba na shamba.

Darajani palikuwa na mlinzi kijana, uso mzuri, ameketi kwenye kiti.

"Wewe unakwenda wapi, mzee?"

"Navuka."

"Mwenyeji haondoki. Ukiondoka wewe, atabaki nani wa kuitwa mwenyeji?"

"Basi mimi ni mgeni. Mama yangu alitoka ng'ambo. Nitambueni mgeni."

Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akatabasamu kwa mapenzi kabisa. "Wewe? Mpole, umekaa mahali pamoja maisha yako yote, hujawahi kumwuma mtu. Mzee wangu, wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Kisha macho yake yakashuka kwa Nakijwa. "Na huyu mtoto?"

"Ni wangu," alisema Namkunda haraka. "Nilikuja naye kutoka ng'ambo. Nilimzaa kabla sijaolewa hapa. Hana baba bondeni."

Mlinzi akanigeukia mimi. "Kweli? Huyu si mwanao?"

Nakijwa alikuwa ameshika kidole changu. Alishika kidole kimoja tu, kama alivyozoea tangu alipojifunza kutembea. Alinitazama akingoja niseme, kwa uso wa mtoto anayejua jibu na anataka tu kulisikia.

Nimewaza juu ya maneno. Nimewaza kwamba Mamlaka haikuwa na bunduki nyingi, haikuwa hata na watu wengi. Ilikuwa na swali, na ilitufikisha mahali ambapo kila jibu ni kisu, kisha ikatukabidhi kisu kwa adabu. Ningesema ni wangu, angebaki. Angekua chini ya vichanja, angeolewa, wangemfuata. Ningesema si wangu, angepita.

Mto ulikuwa mdogo siku ile. Ulisikika.

"Si wangu," nilisema.

"Sema kwa sauti, mzee."

"Huyu mtoto si wangu. Simjui."

Kidole changu kikaachiwa. Hakulia. Alirudi hatua moja karibu na mama yake, akanitazama kama mtu anavyotazama nyumba ambayo alidhani ni kwao, akagundua ameingia mlango wa jirani. Namkunda akamsukuma mbele. Wakapita. Katikati ya daraja Namkunda aligeuka. Nakijwa hakugeuka.

Tulirudi bondeni, wanaume watupu. Sikumbuki kilichofuata kwa mpangilio, kwa kuwa mwaka ulikuwa bado haujaisha. Ilikuwa adhuhuri. Ilikuwa tena adhuhuri. Tulisimama mbele ya nyumba zetu, kila mmoja mahali pake, mikono imetanuka kidogo, tukitazama njia. Alipopita mbuzi tulimfukuza. Tukarudi pale pale. Wakati mwingine nilisikia mvumo, nikatazama juu kwenye boriti kwa matumaini, kumbe unatoka kifuani mwa Mndeme. Kumbe unatoka kwangu.

Mimi ni nani?

Mwenyeji.

Wa wapi?

Wa hapa.

Hapa ni wapi?

Mahali pa wazi, penye jua, mbele ya nyumba.

Na ndani?

Ndani hamna mtu.

Ndipo nikawa nashuka mtoni. Daraja lilikuwa limeondolewa, lakini hakuna aliyetangaza kwamba mwenyeji asisimame ukingoni. Nilikwenda mara nyingi, sikuona mtu. Kisha mvua ikanyesha juu milimani, mvua iliyoitwa kiangazi, na mto ukafura, ukawa mwekundu, ukang'oa miti. Siku hiyo niliwaona ng'ambo wanawake wawili wanateka maji.

Mmoja alikuwa mzee, nywele nyeupe. Nilimtambua kwa namna alivyoinama: alitanguliza mkono wa kushoto gotini. Alikuwa Namkunda. Kwetu mwaka ulikuwa umesimama, lakini kwao miaka ilikuwa imekwenda kama kawaida, wala hakuna aliyeizuia, nao wamekwenda nayo. Mwingine alikuwa mwanamke kijana, mrefu, na mgongoni alikuwa amefunga mtoto kwa kanga.

"Mama Nakijwa!" nilipiga kelele.

Akainua kichwa. Akanitafuta kwa macho yaliyopungua nguvu, akanipata. Aliweka ndoo chini. Mikono yake yote miwili ikaenda mdomoni.

Alianza kunipigia kelele. Nilisikia vipande, mto ukinisomba vingine. Nilisikia "huku nako". Nilisikia "wanasema sisi ni wa huko kwenu". Nilisikia "ataolewa" au "aliolewa". Kisha mti mkubwa ukapita katikati yetu ukipinduka, mizizi juu, na baada ya hapo nikawa naona mdomo tu.

"Nakijwa!" niliita. "Nakijwa, ni mimi!"

Mwanamke kijana aliangalia nyuma yake kuona nani anaitwa, kana kwamba jina lile si lake tena. Hapakuwa na mtu. Akanitazama, akimpoza mtoto mgongoni kwa kumgonga-gonga taratibu, kisha akamgeukia mama yake. Hata bila kusikia nilijua anauliza nini, kwa sababu alinielekezea kidevu.

Namkunda alinitazama muda mrefu. Maji yalikuwa yamefika miguuni pangu. Kisha akamjibu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mto ulilichukua kabla halijanifikia.

Yule mwanamke kijana akaitikia kwa kichwa. Akainua mkono akanipungia, kama watu wanavyompungia mtu yeyote aliye ng'ambo, akajitwika ndoo yake, akamshika mama yake kiwiko, wakapanda.